Dalili za Uchungu

Wahenga walinena: dalili ya mvua ni mawingu. Walakini mkulima hodari hapandi kwa kuona wingu moja. Methali hiyo niliifikiria sana hapa Kigali, mtaani Nyamirambo, siku mbwa jike wa uani kwetu alipokaribia kuzaa.

Jambo lenyewe lilianza kwa neno. Kijana mmoja, mwanafunzi wangu wa Kiswahili, aliniambia, "Mwalimu, mbwa anatweta." Alikusudia kusema kuwa ana mimba, kwani kwa Kinyarwanda mwanamke mjamzito husemwa kuwa "aratwite", mnyama ana kitenzi chake, guhaka. Kwa Kiswahili, kutweta ni kuhema kwa kasi. Tukaenda kumtazama, na kumbe mbwa alikuwa akitweta kweli.

Kijana alisimama mbali kwa hofu. Hofu hiyo ina historia. Wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, mbwa walikula maiti, na wengi wakapigwa risasi. Kwa muda mrefu baadaye, kubweka kwa mbwa hakukusikika sana mjini Kigali. Hivyo wako vijana waliorithi hofu bila kurithi maarifa.

Basi nikampa kipimajoto, daftari na saa. Nilimweleza kwamba mimba ya mbwa huchukua siku 63 hivi; ukihesabu tangu siku ya kupandwa, yaweza kuwa 58 hata 68. Siku za mwisho matiti hujaa maziwa. Uchungu ukikaribia, aghalabu mbwa hukataa chakula, hutafuta pembe yenye giza, na huparura matandiko kana kwamba anajitandikia kitanda. Lakini kila dalili ikiwa peke yake yaweza kudanganya: mbwa hutweta kwa jua pia, na hukataa chakula kwa maradhi. Kwa hiyo hupimwa joto, asubuhi na jioni, kwa njia ya haja kubwa. Kawaida ni nyuzi 38 hadi 39. Likishuka chini ya 37.5, mara nyingi uchungu huanza katika muda wa saa 24.

Jioni ile kijana aliandika: "Joto 37.1. Hakula. Anaparura." Bibi jirani yetu, aliyepata kuwa mkunga, alisimama mlangoni, kwa kuwa alikwisha tawadha, akatuasa: "Wanangu, msimzonge. Mwenye uchungu hapendi kadamnasi."

Usiku wa manane alizaliwa kilebu wa kwanza, kisha wa pili. Baada ya hapo kukawa kimya. Kijana hakubandua macho kwenye saa, kwa maana nilikwisha mwambia hatari zilipo: mbwa akisukuma kwa nguvu nusu saa bila mtoto kutoka, saa mbili zikipita baina ya mtoto na mtoto, hali wengine wamo tumboni, au ute wa kijani ukitoka kabla ya mtoto wa kwanza. Lolote katika hayo likitokea, daktari wa mifugo aitwe bila kukawia. Simu ilikuwa mkononi. Ilipotimia saa moja na dakika arobaini, kilebu wa tatu akatoka, mzima, na mama akamlamba hadi akalia. Kijana alipiga magoti karibu naye, akaandika saa.

Walimu wenzangu, mwaka 2017 Kiswahili kilifanywa kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Rwanda, nasi tunahangaika kutafuta mazoezi ya kuwapa wanafunzi. Ukurasa ule wa daftari ulikuwa na maneno yasiyozidi hamsini: kutweta, kuparura, kusukuma, kulamba. Hakuna hata moja lililohitaji kukaririwa, maana kila moja liliandikwa wakati lilipohitajiwa. Mwanafunzi apewe kitu cha kukiangalia kwa makini, na jukumu la kukisimulia kwa usahihi kwa mtu atakayetenda kufuatana na maneno yake. Daktari anayepigiwa simu usiku haoni mbwa. Ana maneno tu.