Maji Mekundu ya Masika

Kwetu Morogoro, miaka ya tisini, hatukuwa na haja ya kutazama milima ya Uluguru ili kujua kama usiku imenyesha kule juu. Bomba la uani lilitosha. Likifunguliwa alfajiri lilikoroma, likatema upepo, halafu yakaja maji mekundu mazito. Ukiyaacha kwenye sufuria, chini unakuta tope laini lenye chembe za ulanga zinazometameta.

Mtaa wetu ulitegemea vijito vya mlimani, ndiyo maana rangi ilibadilika upesi hivyo. Wenzetu waliopata maji ya Bwawa la Mindu walikuwa na nafuu kidogo, kwa kuwa tope lilianza kutua bwawani. Nafuu hiyo nayo ilikuwa na gharama yake: kila masika bwawa lilizidi kujaa udongo.

Maji ya kwanza mama aliyapeleka chooni na kwenye migomba. Mashati yetu meupe ya shule hayakuguswa na maji ya bomba kuanzia Machi hadi Mei. Yalifuliwa kwa maji ya mvua yaliyokingwa chini ya bati. Ukifikiri sana unacheka: bili tunalipia tope, na maji masafi yanatiririka bure juu ya vichwa vyetu.

Ya kunywa yalikuwa na kazi. Mama alikuwa na kipande cha shabu, cheupe kama kioo chenye ukungu. Alikizungusha ndani ya ndoo, kwanza kwa haraka, kisha polepole, akakitoa. Kwa muda huoni kitu. Halafu tope linaanza kujikusanya mabonge mabonge na kuzama, na juu yanabaki maji unayoweza kuona kitako cha ndoo. Sisi watoto tulikuwa tayari na vikombe. "Shabu inazamisha tope, haiui ugonjwa," alisema, akayachuja kwa kanga kuukuu na kuyabandika jikoni mpaka yachemke. Mvua za El Niño za 1997 zilipokuja na kipindupindu, hakuna aliyembishia tena.

Jirani yetu, mzee wa Kiluguru kutoka upande wa Matombo, hakupenda tukiyaita maji machafu. "Hayo ni mashamba ya watu, wajukuu zangu," alisema. Baba akadakia kwamba basi Waingereza walikuwa na haki kuwalazimisha watu wachimbe matuta ya ngazi ili udongo usiporomoke. Hapo mzee alikasirika kweli. Alikuwa kijana mwaka 1955, watu wa Uluguru walipoyakataa matuta hayo hadi polisi wakafyatua risasi. Alisema ngazi zile zilifukia udongo mzuri na kuleta juu ule wa chini usiootesha kitu. Unavunjika mgongo, na mahindi yanatoka ya njano. Baba akauliza sasa dawa ni nini, maana mlima unateremka wote. Mzee akajibu kwamba mwenye robo eka ya mteremko na watoto saba hawezi kuacha kulima kwa sababu watu wa mjini wanataka chai nzuri. Walibishana masika yote, na mimi mpaka leo naona kila mmoja alikuwa na nusu ya haki.

Mzee hakuishia kwenye maneno. Kila tulipoosha pipa alikuja na karai, akakomba tope la chini na kulimwaga kwenye tuta lake la mchicha. Ulistawi kuliko wetu. Mama aliununua kwake, fungu kwa fungu, na hakuwahi kupunguziwa bei.