Na Yule wa Saksafoni

Uliza abiria wa matatu ya 46 wakutajie wale wanne wa Sauti Sol. Bien anatajwa haraka, halafu Savara, halafu Polycarp na gita lake. Kisha kimya kidogo. "Na yule wa saksafoni."

Yule ni Chimano, na kimya hicho ndicho kilichonifanya nimtegee sikio.

Yeye, Bien na Savara walianzia Upper Hill School, kwenye kikundi cha injili kilichoimba bila ala, Voices in the Light. Kama umewahi kuimba kwaya unajua sheria ya kwanza: ukijisikia mwenyewe, umepaza mno. Hata pumzi mnavuta kwa zamu. Mwenzako anashikilia noti wewe unapumua, na huku chini hakuna anayejua kuna mtu ameishiwa hewa. Ni ustadi mtamu sana. Pia ni mahali pazuri pa kujificha, na hilo waalimu wa kwaya hawakuambii.

Mwaka wa 2005 wakakutana na Polycarp pale Alliance Française, hapa tao, na Sauti Sol ikazaliwa. Kwa miaka kumi na kitu Chimano aliimba akiwa katikati ya wenzake.

Halafu Desemba 2021 akatoa "Friday Feeling" kwa jina lake. Disko tupu: sinthesaiza, ngoma za kudansi, yeye mbele. Wakati huohuo akasema hadharani kwamba ni mwanamume anayependa wanaume. Kumbuka hapa ni Nairobi. Mei 2019 Mahakama Kuu pale Milimani, si mbali na shule ile, ilikuwa imekataa kufuta vifungu vinavyoweza kumfunga mtu kama yeye miaka 14. Kuna maneno ambayo watu wanne hawawezi kuyaimba pamoja, hata wakipendana vipi.

Albamu yake fupi ya 2022, Heavy Is the Crown, sipendi yote. Kuna pahali naona midundo inamfunika, kama vile bado anatafuta mtu wa kusimama nyuma yake. Lakini usiku nikitoka tao, matatu ikipita Yaya kuelekea Kawangware, naweka earphone na kungoja zile sehemu anapopumua. Hakuna wa kumshikia noti.