Tuliyoyaona kwa Wavuvi wa Mwanza

Mtu afikaye Mwanza kwa mara ya kwanza hushangazwa na mambo mawili: mawe na maji. Mawe yamerundikana vilimani na kando ya ziwa kana kwamba yamepangwa kwa mkono, na lile liitwalo Jiwe la Bismarck limesimama majini karibu kabisa na mji. Ama maji, jicho halifiki mwisho wake. Maana Ziwa Victoria lina kilometa za mraba zipatazo 68,800, nalo ni la Tanzania, Uganda na Kenya.

Jioni tulishuka Kirumba, kwenye soko la Mwaloni, ambako dagaa wakavu huuzwa kwa magunia na kupelekwa hata nchi za jirani. Hapo tulimkuta mzee mmoja akishona wavu. Tukamwamkia, naye akaitikia, "Marahaba, wanangu." Tulipomwuliza kama ataingia ziwani usiku ule, alicheka. "Hamkuutazama mwezi? Leo ni kumi na nne."

Tulitahayari, kwani sisi tuuhesabuo mwezi kwa ajili ya saumu na idi tulisahau kuwa mvuvi naye huuhesabu kwa ajili ya riziki. Dagaa huvuliwa gizani kwa taa. Zamani karabai, na siku hizi aghalabu taa za umeme wa jua. Dagaa huufuata mwanga, kisha wavu ukawazoa. Lakini mbalamwezi ikijaa, ziwa zima huwa taa, nao hawana sababu ya kukusanyika. Basi siku hizo wavuvi hupumzika na kutengeneza vyombo vyao.

Mzee akatueleza mwaka wa mvuvi. Wakati wa masika, Machi hata Mei, dagaa wapo lakini jua hakuna. Walioanikwa mchangani hulowa na kuharibika, wakauzwa kwa bei duni kuwa chakula cha kuku. Katika miezi hiyo maji ya vilindini hupungukiwa na hewa, na sangara hupanda kwenye maji ya juu. Kiangazi kikija, Juni hata Agosti, pepo za kusini huyakoroga maji, ya juu yakachanganyika na ya chini, na sangara hutawanyika tena vilindini. Hapo mvuvi hana budi kuwafuata mbali, juu ya mawimbi makubwa.

"Na hatari ni ipi?" tuliuliza. Alijibu kuwa mchana upepo hutoka ziwani, na usiku hugeuka ukatoka nchi kavu. Ndipo dhoruba hukusanyika katikati ya ziwa, saa zile zile za kuvua dagaa. Akanyamaza, kisha akasema, "Mtumbwi wa mwanangu ulirudi. Yeye hakurudi." Akaendelea kushona.

Huyo sangara si mwenyeji wa ziwa hili. Aliletwa katika miaka ya 1950 na mwanzo wa miaka ya 1960, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa amelitawala, akiwala furu hata aina zao nyingi hazikuonekana tena. Viwanda vikajengwa, minofu ikapelekwa Ulaya, na wenyeji wengi wakabakiwa na mapanki, yaani vichwa na mifupa. Hata hivyo amewapa watu wengi kazi, na sasa hofu ni kwamba naye atakwisha. Ndiyo sababu sheria imekataza kuvua sangara aliye chini ya sentimeta 50, na imepiga marufuku kokoro, wavu ule ukokotao kila kitu hadi ufukweni.

Tulipokuwa tukiaga, kijana mmoja alitujia na sangara wadogo, urefu wa mkono hadi kiwiko, kwa bei rahisi mno. Mkono wetu ulikuwa umekwisha ingia mfukoni. Mzee hakuinua macho. "Hao hawajazaa hata mara moja," alisema. Tukautoa mkono mtupu.

Basi enyi akina mama na akina baba, mnunuapo samaki ulizeni ukubwa wake kabla ya bei yake, na dagaa chagueni waliokaushwa juu ya vichanja, maana hawana mchanga. Na sahani iwekwapo mezani, tumkumbuke kwa dua yule aliyetoka usiku wa giza kuitafuta.