Mbwa aliyevaa triko la mtoto

Tangu simu zianze kutuonyesha mbwa wadogo wa Ulaya na Marekani wamevaa vikanzu, kofia na viatu, mchezo huo umeingia katika lupango zetu hapa Kolwezi. Sisi walimu tunauona darasani: ukiwaambia watoto wachore nyumba yao, mbwa anatokea amevaa triko. Na nyumbani kofia ya mtoto mchanga inapotea kwenye kamba ya nguo, kisha inaonekana kichwani mwa mbwa.

Katika mkutano wetu wamama wawili nusura wakosane. Mmoja alisema ni aibu mbwa avae triko na mtoto wa jirani anatetemeka asubuhi. Mwenzake akajibu kwamba triko lile lilikuwa limetoboka, hata jirani angelikataa. Wote wawili walikuwa na haki. Lakini sisi tunaogopa zaidi kwa ajili ya uso wa mtoto.

Angalieni namna mbwa anavyovishwa. Mtoto anambana kati ya magoti, anavuta mguu wa mbele upite katika mkono wa nguo, halafu anainama kufunga kifungo cha shingoni. Hapo shavu lake liko karibu kabisa na meno. Mbwa hawezi kusema "niache". Anageuza kichwa, analamba midomo, anapiga miayo bila usingizi, anafyata mkia, anakauka kama mti. Mtoto wa miaka sita anaona hayo anacheka, anasema mbwa amependa. Kisha mbwa anaunguruma, na mara nyingine haungurumi hata.

Msichana mmoja wa darasa letu aling'atwa shavuni hivyo hivyo. Nyumbani walimpaka mafuta wakamwacha alale. Alirudi masomo siku ya tatu, ndipo tukaona kidonda. Tukamuuliza mama yake kama mbwa amechanjwa. Akasema ni kadogo, ka nyumbani, hakana ubaya. Tukaenda naye siku ile ile kutafuta chanjo. Mahali pa kwanza ilikuwa imeisha, tukaipata pa pili. Alimaliza sindano zote. Leo amebaki na kovu tu, na mbwa angali hai.

Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili, karibu hakuna mtu anayepona. OMS, Shirika la Afya Duniani, linakadiria kwamba kinaua watu karibu 59,000 kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na katika kila 10 wanaong'atwa na mnyama anayeshukiwa, karibu 4 ni watoto wasiofika miaka 15. Mtoto aking'atwa, hata akikwaruzwa tu, oshea kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali siku ile ile. Usipake majivu wala mafuta. Kidonda cha usoni kiko karibu na ubongo, hakingoji kesho.

Na baridi je? Kolwezi iko juu, zaidi ya mita 1,400, na usiku wa Juni na Julai tunaujua. Mbwa mchanga au mzee aliyekonda atafurahia gunia na kikwembe cha zamani cha kulalia. Lakini mbwa hatoki jasho kama sisi; anajipoza kwa kuhema, ulimi nje. Triko mwezi wa Oktoba ni kumfunika kama chungu motoni, na chini yake viroboto na vidonda vinajificha.

Wawindaji wa zamani nao walimvika mbwa kitu: kengele ya mti shingoni. Mbwa wa asili wa Congo, yule Wazungu wanayemwita Basenji (jina lenye harufu ya "washenzi", hatulipendi), habweki kama wengine, na porini angepotea. Kengele ilikuwa nyepesi na ilikuwa na kazi.

Wasichana wetu wanaotaka kushona tumewapa vipande vya vikwembe wavishe watoto wa kitambaa. Wanapima, wanakata, wanagombana juu ya vifungo, na hakuna anayeng'ata.

Tarehe 28 Septemba ni siku ya dunia ya kupambana na kichaa cha mbwa. Kabla ya hapo tunataka kwenda pamoja kwa daktari wa wanyama. Kila mwenye mbwa amwambie mama mkubwa wa kikundi chake ana wangapi, na wale wadogo wa kubebwa mkononi wahesabiwe pia.