Kutafuta Chanzo cha Kosa

Mwalimu hukutana na makosa kila siku ya kazi yake. Kuliona kosa si kazi kubwa. Kazi ni kujua limeanzia wapi. Katika makala haya napenda kueleza jambo lililotokea chuoni petu. Ijapokuwa halikutokea darasani, lina funzo kwa kila mwanachuo anayejiandaa kufundisha shule ya msingi.

Bohari ya chakula ya chuo hutumia programu ya kompyuta ya kutunza hesabu za biashara. Kila siku saa 11 alfajiri programu hiyo huchapa yenyewe taarifa ya akiba, na kwa taarifa hiyo mpishi hupimiwa unga na maharage ya siku. Programu ilipobadilishwa kuwa toleo jipya, taarifa zikakoma. Asubuhi tatu mfululizo printa ilikutwa haina kitu, na uji ukachelewa. Ikasemwa kwamba wino umekwisha. Ikasemwa kwamba toleo jipya ni bovu. Hatimaye ikanong'onwa kwamba karani wa bohari anaizuia taarifa ili akiba isikaguliwe. Karani huyo alikuwa kijana mwenye miezi michache tu kazini, na shutuma ya namna hiyo yatosha kumwondoa mtu kazini.

Nilipoombwa kusaidia, niliketi naye tukaigawa safari ya taarifa katika hatua nne: saa inayoiamsha programu, kutungwa kwa taarifa, kupelekwa kwake kwenye printa, na uchapaji wenyewe. Kisha tukapima hatua moja moja.

Kwanza, karani aliagiza mwenyewe taarifa ichapwe mchana. Ikatoka safi. Basi karatasi, wino na waya havikuwa na kosa. Pili, tuliielekeza programu iihifadhi taarifa ya alfajiri katika faili badala ya kuichapa. Asubuhi faili lilikuwapo, nalo lilionyesha kuwa limeandikwa saa 11 kamili. Basi saa na utungaji vilikuwa salama. Ikabaki hatua moja: kupelekwa kwenye printa. Hapo ndipo tulipopata swali lenye maana: alfajiri, karani akiwa amelala nyumbani kwake, ni nani anayeagiza uchapaji?

Katika toleo la zamani kazi hiyo ilifanyika kwa jina la karani, ambaye kompyuta yake iliachwa wazi usiku kucha. Toleo jipya huifanya kwa jina jingine, la huduma inayoendeshwa na Windows yenyewe. Na katika Windows, printa ya mtandao ambayo mtumiaji mmoja ameiunganisha kwa jina lake kwa kawaida haionekani kwa mtumiaji mwingine. Huduma ile ilikuwa ikitafuta printa isiyokuwa nayo. Tuliiunganisha printa kwa ajili ya kompyuta nzima, hatukugusa kitu kingine, na kesho yake taarifa ikachapwa. Minong'ono juu ya karani ikaisha siku ile ile.

Sasa tulitazame darasa la hisabati. Mtoto anaandika 52 − 27 = 35. Mwalimu mwenye haraka hutia alama ya kosa na kumwita mtoto mzembe. Mwalimu mwenye utaratibu humpa 64 − 21. Mtoto akipata 43, basi kutoa anakujua. Kisha humpa 81 − 46. Akiandika 45, chanzo kimejidhihirisha: katika kila safu mtoto huondoa tarakimu ndogo katika kubwa, bila kujali ipi iko juu. Mtoto huyo hana uzembe wowote; anafuata kanuni yake kwa uaminifu. Anachohitaji ni kufundishwa kukopa kumi, kwa vijiti na mafungu ya kumi, wala si kurudishiwa maswali ishirini ya namna ile ile.

Hatuna budi, basi, kuzingatia mambo matatu. Tuanze na kile ambacho bado kinafanyika vizuri, maana hicho hupunguza mahali pa kutafuta. Tubadilishe jambo moja kwa wakati mmoja, ili tujue lililoponya ni lipi. Na kabla ya kumlaumu mtu, awe karani au mtoto wa darasa la tatu, tuhakikishe kwanza kwamba tumeipima kila hatua iliyomfikisha pale.