Unga na Ua



Ndugu wazazi na wanafunzi, mimi nilisoma kwa Kifaransa. Mwaka 2008 serikali yetu ilipoamua shule zifundishe kwa Kiingereza, nilikuwa nimeshamaliza. Kiingereza changu ni cha kuokoteza.

Hapa Nyamirambo, Jumamosi baada ya darsa la Qur'ani, tunapika chapati na watoto wa madrasa. Kila kitu tunakitaja kwa Kiingereza: maji, chumvi, mafuta, kanda, sukuma, geuza. Anayetaja ndiye anayetenda.

Siku moja niliandika ubaoni neno la unga: "flower". Binti mmoja wa miaka 9, ambaye shuleni hafungui mdomo kwa kuogopa kuchekwa, akainua mkono uliojaa unga. "Ustadh, hilo ni ua. Unga ni flour. Yanatamkwa sawa tu."

Watoto wakanyamaza, wakanitazama. Nakiri kiburi kilinipanda: miaka yote hii nafundisha, leo nikosolewe na mtoto? Kisha nikakumbuka ninavyowasahihisha wao makharij ya herufi kila siku, nao hupokea bila kinyongo. Nikafuta, nikampa chaki aandike yeye, nikamshukuru mbele ya wenzake.

Tangu siku hiyo anaongea, alhamdulillah.

Wazazi, mnapopika na watoto nyumbani, waulizeni majina ya vitu kwa Kiingereza. Wakikosea msiwacheke. Mkikosea nyinyi, kubalini wawasahihishe.

Wabillahi tawfiq.