Ngoma ya Binti Yangu

Nataka kuungama kosa langu mbele yenu, huenda baba mwingine akajifunza.

Mimi ni mwuza mchele hapa Tunduma, mpakani mwa Tanzania na Zambia. Katika mji huu malori hayaishi usiku wala mchana, na mtu akifunga duka kwa muda mfupi huona amekula hasara. Basi binti yangu wa darasa la sita alipochaguliwa kuingia bendi ya shule, nilimwambia, "Ngoma haijazi chungu." Hakujibu neno. Kila jioni alipiga debe tupu uani, akihesabu kwa sauti ndogo: moja, mbili, tatu, nne.

Mwezi wa Machi, kabla ya kufunga shule, wazazi tulialikwa kuisikiliza bendi. Mwaka uliotangulia nilialikwa pia, nisiende. Safari hii mtoto akaniomba, "Baba, ukija, ukae mbele." Nilikwenda, lakini nilikaa nyuma karibu na mlango, nipate kutoka upesi.

Nilipoyaona matarumbeta nikakumbuka utoto wangu kule Mbozi. Kanisa la Moravian, lililofika Rungwe mwaka 1891, lina desturi ya zamani ya kupiga matarumbeta makaburini alfajiri ya Pasaka. Marehemu baba alinishika mkono gizani, tukaenda kuyasikiliza. Naye alikuwa na shamba la kulima.

Wimbo wa pili ulipofika katikati, mvua ikashuka. Bati likanguruma hata wapigaji wasisikilizane. Mmoja akatangulia, mwingine akanyamaza. Ngoma kubwa peke yake haikuyumba: moja, mbili, tatu, nne. Aliyeshika mkwiro ni binti yangu! Wenzake wakautazama mkono wake, wakarudi mmoja mmoja, wakamaliza pamoja.

Watu wote walishangilia. Lakini mimi niliona jambo moja: macho yake yalikuwa yakitafuta viti vya mbele, asinione.

Nikaondoka mlangoni, nikapita katikati ya watu, na kwa kuwa viti vilikuwa vimejaa, nikaketi sakafuni mbele kabisa. Aliponiona alicheka, akainua mkwiro.

Ndugu zangu akina baba, mchele uliobaki siku ile nimekwisha kuuuza wote. Ile siku ya mwaka uliotangulia, nitainunua wapi?